Mtu Akianguka Mazoezini, Nani Atajibu?

Somo kwa matawi ya Juba na Rejaf



Masomo yaliyotangulia katika kurasa hizi yalihusu karakana, magari na majengo. Leo tunawageukia wenzetu ambao chama kimewasahau kwa muda mrefu: walimu wa michezo mashuleni, makocha wa timu, na wale waliopewa kazi ya kukimbiza walinzi wa makampuni kila asubuhi. Wapo wanaodhani hiyo si kazi bali ni kucheza. Mtu anashika filimbi, anavaa raba, halafu analipwa! Lakini hebu fikirini, ni kazi gani nyingine ambayo mfanyakazi hukabidhiwa watu arobaini wazima, akaambiwa awachoshe kwa makusudi, kisha awarudishe wote wakiwa hai?

Somo hili tulilifanya Rejaf, kusini ya Juba kwa kufuata mto, chini ya miembe. Walikuja wanachama wa Uganda, Kenya na Kongo wanaofanya kazi huku, na wenyeji Wabari. Tulisema Kiswahili, na mwenzetu mmoja akageuza kwa Kibari na kwa Kiarabu cha Juba. Rejaf ina historia yake katika jambo hili la lugha. Mwaka 1928 ulifanyika hapo mkutano wa kuamua shule za kusini mwa Sudan zifundishe kwa lugha zipi. Kibari kilichaguliwa, Kiswahili hakikuwemo, na hatuna kinyongo. Tunalitaja kwa sababu litarudi mbele kidogo, pale mtu anapoanguka na kocha anapopiga kelele kwa lugha ambayo nusu ya timu haiielewi.

Jambo tulilokosea

Kabla ya kufika kwenye sheria, yafaa mjue lililotuleta kwenye somo hili. Mwanachama wetu mmoja alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya kulipia. Jina la shule tunaliacha, na la mwalimu pia, maana bado anatafuta kazi. Ilikuwa mwezi wa Februari, mwezi ambao kila aliyekaa Juba anaujua. Shule ilitaka kushinda mbio za shule za jirani, na mkuu wa shule, mudir kama wanavyomwita huku, akamwambia mwalimu kwa mdomo kwamba mazoezi yawe saa nane mchana, kwa kuwa asubuhi ni ya masomo. Katika mzunguko wa sita msichana mmoja alianza kuyumba, akawatukana wenzake kwa maneno ambayo si yake, kisha akaanguka. Mwalimu alimbeba hadi kivulini, akamtia maji kinywani, akaanza kutafuta gari. Gari la shule lilikuwa limekwenda kubeba saruji. Mwishowe msichana alipakiwa juu ya bodaboda, amebanwa katikati ya watu wawili, akapelekwa mjini juani.

Alipona baada ya siku nyingi za hospitali, tunashukuru. Lakini usiku ule ule mwalimu alilala polisi, na usiku wa pili vilevile. Mkuu wa shule alisema hana habari ya mazoezi ya saa nane, kwamba mwalimu aliyaanzisha kwa kiherehere chake. Tulipokwenda kumtetea tuliulizwa swali moja tu: iko wapi barua? Hapakuwa na barua. Mwalimu alilipwa mshahara wa mwezi mmoja akaondolewa.

Sasa lililo gumu kulisema. Wiki tatu kabla ya siku hiyo mwalimu yule alisimama katika mkutano wa tawi akasema kwamba mazoezi ya mchana yatamwua mtu. Tuliandika katika kumbukumbu kwamba chama kitalifuatilia. Hatukulifuatilia. Tulikuwa na shughuli za ada na kadi. Kwa hiyo ile barua iliyokosekana mezani kwa polisi ilikuwa barua yetu pia.

Sheria inauliza nini

Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na tukisikia neno sheria tunadhani ni kitu cha mawakili peke yao. Msingi wake katika jambo hili si mgumu. Mtu akiumia, mahakama haiulizi kwanza nani alikuwa karibu naye. Inauliza: je, alikuwepo mtu mwenye wajibu wa kumtunza? Je, alifanya yale ambayo mtu mwangalifu wa kazi hiyo angeyafanya? Kama hakuyafanya, je, ni kwa sababu hiyo madhara yalitokea, au yangetokea hata hivyo? Kukosa uangalifu wa namna hii ndiko kunakoitwa uzembe. Si lazima uwe umekusudia ubaya. Mwenye roho nzuri kabisa anaweza kupatikana na uzembe.

Jambo linalowashangaza wanachama ni hili: uzembe mara nyingi huwa umekwisha kutendeka kabla ya mtu kuanguka. Siku ya ajali huja kuufunua tu.

Mfano ulio maarufu ni wa bondia Michael Watson wa Uingereza. Tarehe 21 Septemba 1991 alipigana na Chris Eubank katika uwanja wa White Hart Lane, London. Pambano lilisimamishwa, Watson akazimia kwa kuvuja damu ndani ya kichwa. Madaktari walikuwepo ukumbini, lakini hapakuwa na mpango wa kumpa oksijeni na huduma ya haraka pale pale kando ya ulingo. Hospitali aliyopelekwa kwanza haikuwa na wapasuaji wa ubongo, ikabidi ahamishwe tena. Aliishi, lakini akiwa na ulemavu mkubwa. Watson hakumshtaki Eubank aliyempiga, bali alikishtaki chombo kilichosimamia ngumi nchini humo, ambacho ndicho kilichoweka kanuni za nani awepo na kifaa gani kiwepo. Mahakama ikampa haki mwaka 1999, na Mahakama ya Rufaa ikathibitisha Desemba 2000. Chombo hicho hakikuwa na fedha za kulipa fidia yote, na mwaka 2001 yaliafikiwa malipo ya pauni 400,000.

Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wa Juba. Lakini mahakama za Sudan Kusini, kama za Kenya, Uganda na Tanzania, zimefuata mengi ya mtindo wa sheria ya Kiingereza, na wakili mzuri akiwa na kesi kama hiyo ataisoma ya Watson. Nasi tuijue. Inasema kwamba anayepanga shughuli ya hatari anajibu kwa maandalizi yake, hata kama hakumgusa mtu.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Tarehe 16 Septemba 1988 mwanafunzi wa chuo cha Gettysburg, Pennsylvania, alianguka ghafla akiwa mazoezini, moyo umesimama. Hakuna aliyempiga. Makocha wawili walikuwepo, lakini hawakuwa na simu wala redio, na hapakuwa na mtu wa huduma ya kwanza. Nahodha wa timu alikimbia, akaparamia ua, akaenda kutafuta simu. Kijana alifariki. Wazazi wakashtaki. Chuo kikasema: kijana alikuwa mzima, nani angejua? Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ilijibu kwamba chuo kilichomwita kijana kuja kukichezea kilikuwa na wajibu wa kujiandaa kwa dharura, maana ingawa hakuna anayejua ni nani ataanguka, kila mtu wa michezo anajua kwamba ipo siku mmoja ataanguka. Kesi ilirudishwa isikilizwe na wazee wa baraza.

Ule ua ushikeni vizuri kichwani. Tutaurudia.

Mwajiri na mfanyakazi

Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya 2017 inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya watu wake kazini. Hiyo inamhusu mwalimu mwenyewe na mlinzi anayekimbizwa. Kenya wana sheria ya mafao ya majeraha ya kazini ya 2007, ambayo humfanya mwajiri alipe fidia kwa aliyeumia kazini bila kusubiri kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea, na inamdai pia atoe huduma ya kwanza na usafiri wa kumfikisha majeruhi hospitalini. Tanzania wana mfuko wa fidia kwa wafanyakazi chini ya sheria ya 2008. Wenzetu wanaotoka nchi hizo huja hapa wakidhani mambo ni yale yale. Usidhani. Uliza mkataba wako unasema nini ukiumia, na uliza kabla ya kusaini.

Mwanafunzi na mchezaji wa timu ya mtaa si waajiriwa, kwa hiyo wao hurudi kwenye lile swali la uzembe. Na hapa ndipo mfanyakazi anapobanwa. Kwa desturi ya zamani ya sheria ya Kiingereza, bwana hujibu kosa la mtumishi wake alilolitenda akiwa katika kazi ya bwana. Maana yake, mwalimu akizembea akiwa kazini, shule nayo inadaiwa. Ni kanuni nzuri kwetu. Lakini mwajiri mjanja anaijua pia, na ndiyo sababu neno lake la kwanza huwa: huyu hakuwa katika kazi yangu, alijituma mwenyewe. Mkuu wa shule yule hakusema uongo wake kwa bahati. Alisema uongo wenye faida.

Dawa yake ni karatasi. Ratiba ya mazoezi isainiwe na mkuu. Ukiambiwa jambo la hatari kwa mdomo, mwandikie siku hiyo hiyo: “Kwa heshima, umeniagiza mazoezi yawe saa nane mchana. Naona ni hatari kwa joto la sasa. Naomba yahamishwe, na naomba gari, maji na barafu.” Mistari mitatu yatosha. Nakala moja peleka tawini. Kama unaogopa kuiandika peke yako, tawi liiandike kwa jina la chama, ndiyo kazi yake. Na wewe ukiisha kuandika, usidhani umevuliwa mzigo wote. Ukipuliza filimbi huku ukijua kwamba ni hatari, barua yako mwenyewe inaweza kusomwa dhidi yako. Mahali pengine ni lazima kukataa, na mtu hakatai peke yake, anakataa akiwa na chama nyuma yake.

Wanachama waliuliza habari ya fomu ambazo wazazi husaini, kwamba shule haitahusika na lolote. Tusidanganyane. Huko Uingereza sheria inamkataza mfanyabiashara kujivua kwa karatasi wajibu wa kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Fomu yenye faida ni ile inayouliza: mtoto ana ugonjwa gani, ana pumu, ana seli mundu, amewahi kuzimia akikimbia, kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, tumpigie nani simu? Fomu ya namna hiyo huokoa. Ile nyingine humpa mwenye shule usingizi tu.

Polisi wakija, usikimbie. Aliyekimbia amejihukumu. Toa jina lako, sema uliyoyaona kwa macho yako na saa yake, usibuni sababu ya mtu kuanguka, maana wewe si daktari. Usitie sahihi karatasi iliyo katika lugha usiyoisoma. Mwombe mtu amwite katibu wa tawi. Ndugu wa majeruhi nao watakuja, na katika nchi hii madai ya fidia kwa njia ya kimila ni jambo zito. Hata sheria ya adhabu ya 2008 inaitambua fidia ya damu katika kesi ya kuua. Mwalimu asipelekwe peke yake mbele ya wazee. Mwajiri aende, na chama kiende.

Joto

Sasa tuingie kwenye hatari yenyewe, kwa sababu hapa Juba ina jina lake, nalo ni joto.

Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima, ikitangaza kwamba joto lingefika nyuzi 41 hadi 45. Februari 2025 zikafungwa tena kwa wiki mbili. Naibu Waziri wa Elimu alieleza kwamba wanafunzi kama kumi na wawili kwa wastani walikuwa wakianguka kila siku katika mji wa Juba. Hao walikuwa darasani, chini ya mabati, wala hawakuwa mbioni. Wafanyakazi wa elimu waliiomba serikali ibadilishe kalenda ili shule zifungwe Februari na kufunguliwa Aprili, joto likipungua. Chama chetu kinaliunga mkono ombi hilo. Lakini kalenda isipobadilika kesho, mwalimu atakuwa na filimbi mkononi kesho hiyo hiyo.

Mtu anayekimbia hutengeneza joto ndani ya mwili wake, kama injini. Hulitoa kwa jasho na kwa upepo. Jua likiwa kali na upepo hakuna, joto la ndani hupanda lisitoke, na likipita nyuzi 40 ubongo huanza kuharibika. Ndiyo sababu msichana yule alitukana. Haikuwa utovu wa adabu. Mtu aliyepigwa na joto huyumba, husema ovyo, hugomba, hutapika, hajui alipo, halafu huanguka. Na tuondoe kosa moja la zamani: wengi tulifundishwa kwamba ngozi yake lazima iwe kavu. Aliyekuwa akifanya mazoezi anaweza kuwa anatiririka jasho na bado yuko mlangoni pa kifo.

Dawa yake si sindano. Dawa yake ni baridi, na kwa haraka. Madaktari wa michezo wanasema mpoze kwanza, msafirishe baadaye, na joto lake liwe limeshushwa ndani ya nusu saa. Huko Falmouth, Marekani, kuna mbio za kila mwaka wakati wa kiangazi. Katika miaka 18 walihesabiwa wakimbiaji 274 waliopigwa na joto hadi hatari ya kufa, wakatumbukizwa mara moja katika maji ya barafu. Hakufa hata mmoja. Lakini mwaka 2018 Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Maryland, alipigwa na joto mazoezini tarehe 29 Mei. Chuo kilikuwa na fedha, watumishi na maji, lakini hakutumbukizwa. Alifariki tarehe 13 Juni. Mkuu wa chuo alikiri mbele ya watu kwamba chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kiutu, na mwaka 2021 yakaidhinishwa malipo ya dola milioni 3.5 kwa wazazi wake. Maji ya barafu yangegharimu nini?

Mwanachama mmoja alisimama akasema: “Ndugu, hapa hatuna beseni la kumtosha mtu.” Ni kweli. Lakini turubai liko. Mlaze mgonjwa katikati ya turubai kivulini, watu sita washike pande zake waziinue ziwe kama mtumbwi, kichwa kiwe juu kisiingie majini, mimina maji ya jerikeni na barafu iliyopondwa, kisha litikiseni polepole ili maji yapite mwilini. Njia hii imejaribiwa na wataalamu, na inafaa. Kama hakuna barafu, mwagia maji mfululizo mwili mzima, weka vitambaa vilivyolowa kichwani, kwapani na kwenye mapaja, badilisha kila mara, pepea. Usimnyweshe kwa nguvu mtu asiyejielewa, maji yataingia mapafuni. Mwalimu wetu hakulijua hilo, na nani alikuwa amemfundisha?

Na bodaboda? Ipoze safari kwanza. Mtu akipelekwa mjini juani akiwa bado anaungua, hospitali hupokea mzigo uliokwisha kuharibika.

Kwa wale wanaokimbiza walinzi: mlinzi mpya ndiye anayekufa. Mwili huhitaji siku kumi hadi kumi na nne kulizoea joto. Kijana aliyetoka Nairobi au Kampala, penye ubaridi, usimkimbize siku ya pili kama wale wa miaka mitatu. Anza kidogo, ongeza kila siku, fanya kabla ya saa mbili asubuhi. Na kukimbiza kusiwe adhabu. Rejaf ina chuo cha polisi, na mwaka 2011 magazeti ya nje yalitangaza taarifa za Umoja wa Mataifa juu ya makuruta wa chuo hicho waliopigwa na kuteswa, na wengine waliosemekana kufa kwa majeraha ya mafunzoni. Hilo lilipita mipaka ya uzembe, ni jambo jingine na baya zaidi. Tunalitaja kwa sababu wapo wasimamizi wa walinzi wanaojisifu kwamba wanafundisha “kijeshi”. Aliyechoka hadi kuyumba hafundishiki.

Moyo ukisimama

Hatari ya pili haitoi onyo. Desemba 2016 katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kijana wa timu ya vijana ya Mbao ya Mwanza alifunga bao, na muda mfupi baadaye akaanguka akafariki. Tanzania nzima iliona picha zile.

Mtu akianguka bila kuguswa, haitiki, hapumui sawasawa, chukua kwamba moyo umesimama. Wengine hukoroma au hushtuka-shtuka kidogo, na watu hudhani ni kifafa wakatafuta kijiko. Wacha kijiko. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, kandamiza kwa nguvu kiasi cha sentimeta tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache hadi msaada ufike. Mkichoka, badilishaneni. Ipo mashine ya kuushtua moyo, na mwaka 2013 FIFA ilitangaza kuvigawia vyama vyote wanachama mfuko wa dharura wenye mashine hiyo. Sudan Kusini ilikuwa mwanachama tangu 2012. Ni jambo jema, lakini mfuko mmoja kwa nchi nzima hauwezi kuwa Rejaf siku ya mazoezi yako. Mikono yako itakuwepo.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka akichezea Bolton tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake haukufanya kazi peke yake kwa dakika 78. Walimkandamiza, wakamshtua kwa mashine, daktari wa moyo aliyekuwa mtazamaji akashuka kutoka jukwaani, na yu hai. Uwanja ulikuwa White Hart Lane, ule ule wa Watson. Ugonjwa haukuwa mmoja, hatusemi hivyo. Lakini safari hii waliokuwa kando ya uwanja walikuwa na vifaa, na kila mmoja alijua kazi yake.

Jaribio la ufunguo

Baada ya maelezo tulifanya jaribio. Tulimwambia kijana mmoja ajiangushe katikati ya uwanja, tukatazama saa. Kocha alipiga kelele kwa Kiswahili. Waliokuwa karibu naye, wasemaji wa Kibari, walimtazama wakicheka. Dakika mbili zikapita. Mmoja akakumbuka gari, dereva akaitwa, akaja mbio, na lango la uwanja likakutwa limefungwa kwa kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda sokoni. Kuanzia kijana kuanguka hadi lango kufunguka zilikuwa dakika kumi na moja. Kijana wetu aliyejifanya mgonjwa alikuwa amekwisha kukaa anakula embe.

Hapo ndipo tuliporudia ua wa Gettysburg, na hakuna aliyecheka tena.

Tulikubaliana pale pale. Neno la dharura liwe moja, la Kiarabu cha Juba, ambalo wote wanalijua, na kila mtu alisikie siku ya kwanza ya mazoezi. Kocha abaki na mgonjwa. Mtu mmoja aliyetajwa kwa jina apige simu, mwingine afungue lango, mwingine alete turubai, na wa nne awatoe watoto wengine juani. Ufunguo ukae kwa aliye uwanjani, si kwa aliye sokoni. Namba za simu ziandikwe kwa wino mzito ubaoni, kwanza ya dereva aliye karibu, maana Rejaf si katikati ya mji na hatuwezi kukaa tukisubiri gari la hospitali. Asubuhi ya kila zoezi dereva apigiwe aulizwe: upo, una mafuta? Barafu inunuliwe kabla, na gharama iwe ya mwajiri, si ya mfukoni mwa mwalimu.

Tuliporudia jaribio alasiri, lango lilifunguka katika dakika moja na nusu. Turubai lilichelewa kwa sababu lilikuwa limetandikwa chini ya mahindi yaliyoanikwa. Limenunuliwa jingine.

Kazi ya matawi kabla ya mkutano ujao

Kila tawi lifanye jaribio kama lile, bila kuwaonya watu mapema, na liandike dakika zilizotumika. Msizipunguze ili mpendeze. Mjadiliane: katika mahali penu pa mazoezi ufunguo uko kwa nani? Nani aliyeamua saa ya mazoezi, na neno lake limeandikwa wapi? Mkuu wa shule au meneja akikataa kununua barafu, mtamwandikia nini, na nani atasaini? Je, mwalimu akikataa kuanza zoezi saa nane mchana, wanachama wa idara nyingine watasimama naye au watasema si jambo lao? Na lile la mwisho, ambalo sisi viongozi tulianguka: kitabu cha kumbukumbu cha tawi kina maneno “chama kitalifuatilia” mara ngapi tangu mwaka uanze, na yapi kati ya hayo yamefuatiliwa? Kileteni kitabu chenyewe mkutanoni, tukisome pamoja.